Mwanao Akikamatwa kwa Kuteka Gari Marekani

Kijana akikamatwa, familia ya kwetu hukusanyika. Mjomba anapigiwa simu, mchungaji au shehe anaitwa, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa kwa ajili ya mchango, na kabla chai haijapoa ameshatokea wa kusema twendeni tukamwone mwenye gari tumwombe radhi. Uvira, Kigoma au Kisumu, huo ndio uungwana wenyewe, na mambo mengi huishia hapohapo barazani. Lakini kijana akishtakiwa kwa kuteka gari katika mahakama ya shirikisho ya Marekani, safari hiyo ya kuomba radhi inaweza kumwongezea miaka, na mjomba naye akajikuta mshtakiwa.

Nawaandikia wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili huko Louisville, Minneapolis, Houston, Portland ya Maine na kwingineko ambako watoto wetu wamekulia. Makala haya hayachukui nafasi ya wakili. Ninachotaka mkishike ni kwamba kesi hizi zina wakati wa kunyamaza na wakati wa kusema. Wengi wetu huzungumza sana mwanzoni, wakati kila neno linawekwa kwenye faili, halafu hunyamaza mwishoni, siku jaji anapotaka kutusikia.

Sheria ya shirikisho ya kuteka gari ilitungwa mwaka 1992. Septemba mwaka huo, huko Maryland, mama mmoja alinyang'anywa gari akimpeleka binti yake mdogo shule ya awali kwa siku ya kwanza. Mkono wake ulinaswa na mkanda wa kiti, akaburutwa zaidi ya maili moja hadi akafa. Mtoto alitupwa barabarani na kiti chake, akapona. Nchi nzima ilishtuka, na mwezi uliofuata Rais George H. W. Bush akatia saini sheria iliyofanya kuteka gari kuwa kosa la shirikisho. Ukitaka kuelewa kwa nini waendesha mashtaka na majaji hawaoni kosa hili kama wizi wa kawaida, anzia hapo.

Kuiba gari lililoegeshwa bila mtu si kosa hili. Serikali inapaswa kuthibitisha kwamba gari lilichukuliwa kwa mtu au mbele yake, kwa nguvu au kwa vitisho, na kwamba mtekaji alikusudia kuua au kujeruhi vibaya. Inapaswa pia kuonyesha kwamba gari limewahi kuvuka mpaka wa jimbo au wa nchi, jambo ambalo ni rahisi, kwa sababu karibu kila gari limetengenezwa mahali pengine. Vijana wengi hujitetea kwa kusema hawakutaka kumuumiza mtu, walitaka funguo tu. Mwaka 1999, katika kesi ya Holloway, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kukusudia kumdhuru mtu endapo atakataa kunatosha. Anayesema "nipe funguo au nakupiga risasi" akikusudia kweli kufanya hivyo, ameshaingia ndani ya sheria, hata kama risasi haikutoka. Adhabu ni hadi miaka 15. Mtu akijeruhiwa vibaya ni hadi miaka 25. Mtu akifa, ni kifungo cha hadi maisha, na sheria inaruhusu hata adhabu ya kifo.

Si kila utekaji wa gari huenda shirikisho. Kesi nyingi hubaki kwa majimbo. Zinazopanda ni zile zenye bunduki, majeraha au mfululizo wa matukio, hasa katika miji ambako ofisi ya mwendesha mashtaka wa shirikisho imeamua kuzifuatilia, kama Minnesota ilivyotangaza mwaka 2022. Tazama karatasi ya mashtaka. Ikisema ni Marekani dhidi ya mwanao, badala ya jimbo dhidi yake, uko shirikisho. Usijipe moyo kwamba jimbo limeshamshtaki hivyo shirikisho haliwezi. Mwaka 2019, katika kesi ya Gamble, Mahakama ya Juu ilikataa kubadili kanuni ya zamani kwamba serikali zote mbili zinaweza kumshtaki mtu kwa tendo hilohilo.

Sasa bunduki. Hapa ndipo familia nyingi huvunjika moyo, kwa hiyo naomba msome polepole.

Bunduki ikihusika huongezwa shtaka la pili, linalosimama peke yake. Kuwa nayo kwa ajili ya uhalifu huo ni miaka 5 isiyopungua. Ikionyeshwa ili kutisha, 7. Ikifyatuka, hata kwa bahati mbaya, 10. Miaka hiyo haiendi sambamba na ile ya kuteka gari. Inafuata baada yake. Hata jaji akimwonea kijana huruma kiasi gani, hana ruhusa ya kushuka chini ya hapo kwenye shtaka hilo, isipokuwa katika hali chache sana, kama upande wa serikali wenyewe ukiomba apunguziwe kwa sababu ya ushirikiano wake.

Tuchukue mfano wa kijana asiye na rekodi. Gari ni la zamani, la chini ya dola 20,000. Hakuna aliyeumia, ila bastola ilionyeshwa. Mwongozo wa adhabu huanza na pointi 20 kwa unyang'anyi, huongeza 2 kwa sababu ni utekaji wa gari, na hupunguza 3 akikiri mapema. Anabaki na 19, ambayo kwenye jedwali ni miezi 30 hadi 37. Juu yake inakuja miezi 84 ya bastola. Jumla ni miezi 114 hadi 121, yaani karibu miaka 10. Tangu mwaka 2005 mwongozo huo haumfungi jaji, na anaweza kushuka chini ya ile 30. Ile 84 iko palepale. Mwaka 2017, katika kesi ya Dean, Mahakama ya Juu iliruhusu majaji kuuzingatia uzito wa miaka ya bunduki wanapopanga adhabu ya kosa la kuteka gari, na wakili mzuri hulisimamia jambo hilo kwa nguvu zote.

Vipi kuhusu yule aliyekaa tu kiti cha nyuma? Wazazi huniuliza hili kwa uchungu, maana mara nyingi ndiye mtoto wao. Anayesaidia kosa huhesabiwa kama mtendaji. Kuhusu bunduki, kesi ya Rosemond ya mwaka 2014 iliweka mpaka: msaidizi hubanwa ikiwa alijua mapema kwamba mwenzake ana silaha, akawa na nafasi ya kujitoa, na bado akaendelea. Kwa hiyo swali la alijua nini, na lini, linaweza kubeba miaka 7 mizima.

Ukikumbuka hilo, sikiliza simu ya kwanza kutoka jela. Sauti ya mashine inatangaza kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Mama, ambaye hajalala, anauliza: "Mwanangu, ulijua mwenzako ana bastola?" Kijana anajibu: "Mama, alituonyesha jana yake, lakini sikudhani ataitoa." Hakuna mpelelezi aliyeuliza swali hilo. Mama ndiye aliyeuliza, kwa mapenzi, na jibu limeingia kwenye faili. Wala Kiswahili hakitawaficha, Kilingala wala Kinyarwanda. Serikali ina wakalimani wa kulipwa, na simu za jela ni miongoni mwa vitu vya kwanza kusikilizwa. Muulize kama amekula, kama ana dawa zake, msome dua au zaburi pamoja, mwambie unampenda. Kesi isiguswe kwenye simu, kwenye ujumbe wa tableti za jela, wala kwenye kioo cha wageni. Inazungumzwa na wakili tu.

Kijana mwenyewe awaambie polisi waziwazi kwamba anataka wakili na hatajibu maswali. Kukaa bila kusema kitu hakutoshi. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki ya kunyamaza lazima itajwe kwa maneno. Nawaomba sana akina baba wanaoamini kwamba mtoto akisema ukweli wote kwa polisi usiku huo yataisha asubuhi. Nia ni njema, lakini hayaishi. Afisa aliye mbele yake hana mamlaka ya kumsamehe.

Maofisa wa upelelezi wa shirikisho, kama FBI au ATF, wakibisha hodi nyumbani, hulazimiki kuwajibu maswali wala kuwakaribisha ndani bila hati ya mahakama. Wakiwa na hati, waache wafanye kazi yao na usiwazuie. Ukiamua kuzungumza, usidanganye hata kidogo. Kumwambia mpelelezi wa shirikisho uongo, kwa mfano kwamba kijana alikuwa nyumbani usiku kucha wakati hakuwapo, ni kosa la hadi miaka 5. Kufuta picha kwenye simu yake, kufua jaketi yake au kutupa viatu ili kuzuia uchunguzi ni kosa la hadi miaka 20. Akina mama na dada wenye rekodi safi huweza kupoteza kila kitu kwa dakika moja ya kumhurumia mtoto.

Nirudi kwenye ile safari ya kwenda kwa mwenye gari. Kwetu, kosa huwa kati ya familia mbili, na wazee wakipatana, polisi huachia. Marekani kosa ni la serikali. Mwenye gari hana uwezo wa kufuta mashtaka hata akitaka. Wazee watano wakigonga mlango wa mtu ambaye wiki iliyopita alishikiwa bastola, hata wawe wapole namna gani, yeye ataona watu wa yule kijana wamejua anapoishi. Wakimpa pesa ili asiende kushuhudia, hilo ni kosa la kuingilia shahidi, na adhabu yake ni ya miaka mingi. Radhi ina mahali pake katika kesi, na nitafika. Pesa za kumfidia mtu huyo nazo zina njia yake: jaji ataamuru fidia, na wakili anaweza kupanga malipo yaanze mapema kwa utaratibu. Asionekane mtu wa familia mlangoni kwake.

Vilevile msitafute mtu wa kuzungumza na hakimu. Na msimpandishe kijana ndege kwenda Nairobi au Kampala. Aliyetoroka hurudishwa: mwaka 2024 Kenya ilimkabidhi kwa Marekani mtu aliyekuwa akitafutwa Massachusetts kwa shtaka la mauaji. Aliyekata tiketi, naye, anaweza kushtakiwa kwa kumsaidia mhalifu.

Kuhusu wakili. Nimeona michango mikubwa ikikusanywa kumlipa wakili ambaye kazi yake ya kila siku ni kesi za ajali. Zuieni hilo. Asiye na uwezo hupewa na mahakama wakili wa utetezi wa umma wa shirikisho, na mawakili hawa huwa katika mahakama hizohizo, mbele ya majaji haohao, kila wiki. Jina lake lisiwachanganye na wakili wa serikali wa kwetu. Huyu ni wa mwanao, na siri zake ziko salama kwake. Mkiwa na pesa za wakili binafsi, muulize ameshughulikia kesi ngapi za bunduki katika shirikisho. Mkalimani pia ni haki isiyolipiwa. Kijana aliyekulia Fizi au Bukavu akiletewa mkalimani wa Kiswahili cha pwani na asimwelewe, amwambie wakili mara moja. Kutikisa kichwa kwa adabu ni hatari, maana mahakamani kutahesabiwa kwamba ameelewa.

Siku chache baada ya kukamatwa kuna kikao cha kuamua kama atakaa ndani akisubiri kesi. Upande wa serikali unaweza kuomba siku 3 kujiandaa. Penye shtaka la bunduki sheria inaanza kwa kudhani kwamba abaki ndani, na ni juu ya upande wa kijana kuonyesha vinginevyo. Familia inaruhusiwa kusaidia hapa, kupitia wakili: nyumba atakayokaa, mtu mzima asiye na kesi atakayemsimamia, barua ya mwajiri, pasipoti ya kukabidhi mahakamani. Njooni wengi, mvae kwa heshima, mkae kimya. Mara nyingi ombi hukataliwa, lakini jaji huwa ameshaona kwamba kijana huyu ana watu.

Akiwa chini ya miaka 18, kesi huanza kwa taratibu za watoto, nyuma ya mlango uliofungwa, na wazazi wana haki ya kuarifiwa. Hata hivyo aliyefikisha miaka 15 wakati wa tukio anaweza kuhamishiwa mahakama ya watu wazima, na kuzuia uhamisho huo huwa ndiyo vita kubwa kuliko zote.

Zaidi ya washtakiwa 9 kati ya 10 wa shirikisho wanaohukumiwa hukiri. Siwaambii akiri, wala apigane mbele ya jopo la raia 12. Nawaambia mwachieni auchukue uamuzi huo akiwa na wakili wake, bila wajomba kumwita mwoga au mjinga. Maswali ya kumpelekea wakili ni haya: je, shtaka la bunduki linaweza kuondolewa au kushushwa kutoka 7 hadi 5? Makubaliano yanamzuia kukata rufaa? Na yanafanya nini kwa makaratasi yake ya uhamiaji? Hilo la mwisho wakili analazimika kulijibu tangu kesi ya Padilla ya mwaka 2010. Kama kuna mazungumzo ya kijana kushirikiana na serikali, msimsukume, na msimwambie mtu yeyote, hata kanisani au msikitini. Watu wameumizwa kwa uvumi wa namna hiyo.

Akishakiri au kupatikana na hatia, ndipo wakati wa kusema unapofika, na hapo sasa tunakuwa tumechoka. Msichoke. Afisa wa uangalizi ataandika ripoti ya maisha ya kijana, kuanzia utoto, shule, afya, familia hadi kazi. Rasimu hutolewa siku 35 kabla ya hukumu, na pingamizi huwa na siku 14. Ripoti hiyo itamfuata hadi gerezani. Kijana aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, aliyemwona mtu akiuawa njiani, aliyekosa shule hadi miaka 9, hayo yote yaandikwe, na yawe na ushahidi: kadi za UNHCR, ripoti za shule, tathmini ya mwanasaikolojia. Hayo si kisingizio. Sheria inamtaka jaji azingatie historia ya mtu, na hawezi kuzingatia asichoambiwa.

Kisha barua. Nimesoma nyingi zinazosema kijana ni mtoto mzuri, mcha Mungu, hakuwahi kukosa. Jaji amesoma maelfu kama hizo. Barua inayosaidia inaeleza mwandishi ni nani na amemjua kijana kwa njia gani, inakiri kwamba mwandishi anajua kosa alilolitenda kijana, haimlaumu aliyeporwa, halafu inaonyesha kitu kimoja kilichoonekana kwa macho: kila Jumanne kabla ya zamu yake alimpeleka bibi yake kliniki ya sukari, akimtafsiria kwa daktari na kumwandikia dozi kwenye karatasi kubwa ili aisome bila miwani. Hiyo inatosha. Iandikwe kwa Kiswahili kama ndiyo lugha ya mwandishi, itafsiriwe, na zote zipitie kwa wakili, kamwe zisitumwe moja kwa moja kwa jaji. Radhi nayo inakaa hapa. Kijana husimama, akamgeukia jaji na aliyeporwa kama yupo, akasema mwenyewe alichokitenda. Haya ndiyo maneno ya kumsaidia ayaandae kwa muda mrefu.

Aliyeporwa anaweza kuwa mmoja wetu. Ndugu zetu wengi huendesha Uber na Lyft usiku. Kwako wewe uliyewekewa bastola kichwani: una haki ya kuarifiwa kuhusu makubaliano ya kukiri, ya kuzungumza siku ya hukumu kwa lugha yako, na ya kulipwa hasara yako. Ofisi ya mwendesha mashtaka ina mtu maalumu wa kuwahudumia walioathirika. Mtafute, na umwambie kama unaogopa. Jamii isikushinikize kunyamaza kwa sababu kijana ni wa kwetu.

Baada ya hukumu kuna siku 14 tu za kutoa taarifa ya rufaa. Shirikisho halina msamaha wa kutoka mapema kwa parole. Uliondolewa kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Novemba 1987. Mwenye tabia njema hupunguziwa hadi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo, hivyo miaka 10 huwa karibu 8 na nusu. Mwenye shtaka la bunduki hapati punguzo jingine la muda linalotolewa kwa kuhudhuria mafunzo, ingawa mafunzo yenyewe ayachukue. Sheria inataka awekwe ndani ya maili 500 kutoka nyumbani inapowezekana, kwa hiyo wakili amwombe jaji apendekeze gereza la karibu kabla hukumu haijafungwa.

Kwa asiye raia, mlango wa gereza ukifunguliwa, maofisa wa uhamiaji wa ICE huwa nje. Kosa la nguvu lenye kifungo cha mwaka mmoja au zaidi humwondolea mtu grini kadi na humfungia uraia moja kwa moja, hata kama aliingia kama mkimbizi akiwa na miaka 4 na hakumbuki neno la nyumbani kwao. Kinachobaki mara nyingi ni kuonyesha kwamba atateswa akirudishwa, na hilo ni gumu kulithibitisha.

Hapo kuna jambo ambalo mzazi yeyote anaweza kulifanya wiki hii, hata mwenye watoto watulivu kabisa. Mkimbizi anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5, kwa fomu N-400. Mzazi mmoja tu akiapa, mtoto wake aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi na anayeishi naye chini ya malezi yake, anakuwa raia papo hapo bila kufanya mtihani. Akifikisha 18 kabla hujaapa, nafasi hiyo imepita na itambidi aombe mwenyewe. Ukishaapa, mchukulie pasipoti ya Marekani au ujaze N-600, kwa sababu mtoto anaweza kuwa raia tayari na asiwe na karatasi ya kuonyesha siku atakapoulizwa.